Gari letu lilikuwa teksi: nataka libadilishwe rangi, mume wangu hataki

BARUA

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, na nina watoto wawili. Mume wangu tangu mwaka jana ameajiriwa kuwa dereva wa kampuni, lakini kabla ya hapo aliendesha teksi kwa karibu miaka kumi. Gari alilolifanyia kazi hiyo, Toyota Corolla nyeupe ya mwaka 1998, ni mali yetu wenyewe. Bodaboda na bajaji zilipochukua abiria wengi wa mjini, aliliondoa kijiweni, likabaki nyumbani na kuwa gari la familia.

Tatizo ni kwamba kwa macho ya watu gari lile bado ni teksi. Lina mstari ubavuni, rangi yake nyeupe imepauka na kuwa ya manjano, paa linaacha unga mkononi ukiligusa, na bampa ya mbele imejaa mikwaruzo. Nikilipeleka sokoni watu wananisimamisha na kuniuliza bei ya kwenda Chumbageni au Raskazone. Mzazi mmoja aliniuliza mbele ya wenzangu kwa nini mwalimu anakuja kazini kwa teksi. Binti yetu wa miaka 12 sasa anaomba ashushwe kabla ya kufika lango la shule yake. Mambo haya yameniumiza kuliko nilivyoweza kumwambia mtu.

Mwezi uliopita tulivunja kikoba chetu, nikapata shilingi 700,000. Desemba mdogo wangu anaolewa, na upande wa bwana harusi watatoka Moshi. Tumeombwa tuwachukue wazee wao kutoka stendi na kuwapeleka ukumbini. Niliamua kwamba fedha hiyo iligeuze gari liwe la bluu iliyokoza yenye kumetameta, rangi niliyoitamani tangu nilipokuwa chuoni. Nilitafuta bei. Fundi wa mtaani, anayefanya kazi chini ya mwembe, anataka 450,000 pamoja na rangi, na anasema ataimaliza kazi kwa siku tatu. Gereji moja yenye chumba maalumu cha kupulizia inataka 1,600,000 na siku kumi. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ana kompresa ya kupulizia vanishi kwenye samani, amesema nikimnunulia rangi atanifanyia bure uani kwetu.

Mume wangu alizisikia habari hizi kwa yule fundi wa mwembeni kabla sijamweleza. Alikaa kimya siku nzima, kisha usiku akaniambia: “Gari hili ndilo lililotulisha na ndilo lililokusomesha stashahada yako. Kama lina aibu, basi na mimi nina aibu.” Aliongeza kwamba 700,000 ingefaa kuendeleza msingi wa nyumba yetu kule Pongwe, na tangu hapo halitaki kabisa suala hilo lizungumzwe.

Mshauri, sijawahi kumwonea aibu mume wangu, na Mungu ni shahidi. Lakini fedha hii niliiweka mwenyewe hisa kwa hisa, na gari ninaliendesha mimi zaidi yake. Je, niendelee na mpango wangu naye atazoea akiliona limependeza? Na kwa fedha niliyo nayo, inawezekana kweli kupata rangi mpya itakayodumu?

Mama wa Wawili, Tanga

JIBU

Mama wa Wawili,

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, kwa sababu kila nilipodhani nimeshaelewa unachouliza, niliona swali jingine nyuma yake. Unataka kujua kama fedha yako inatosha kulibadili gari rangi, na kama ni sawa kuendelea wakati mwenzako hataki. Chini ya hayo yote kuna jambo zito zaidi, nalo ni kwamba wewe unaumizwa na macho ya watu, na yeye ameumizwa na kitu alichodhani amekiona machoni mwako.

Nianze na yeye, ingawa najua unangoja habari za rangi. Mume wako amefanya kazi barabarani kwa miaka kumi, na mafundi wa mji ule ni watu waliokunywa naye kahawa na kumtengenezea gari kwa mkopo. Habari kwamba mkewe ameuliza bei ya kulibadilisha gari lake ilimfikia kutoka kwa mmoja wao, na huenda ilimfikia mbele ya wengine. Alipokwambia kwamba gari likiwa na aibu na yeye ana aibu, inawezekana hakuwa akitetea rangi nyeupe wala ule mstari, bali alikuwa akiuliza kama miaka yake kumi ilikuwa na heshima nyumbani kwake. Wewe umenijibu mimi kwamba hujawahi kumwonea aibu, nami nakuamini kabisa. Sijaona mahali popote kwenye barua yako unaposema kwamba umemwambia yeye maneno hayo hayo.

Sasa nikuombe tulitazame gari lenyewe, kwa sababu ndani ya mpango wako kuna mambo mawili uliyoyafunga pamoja ambayo yanaweza kutenganishwa. Watu wanakusimamisha sokoni kwa sababu ya mstari. Corolla nyeupe isiyo na mstari ni gari kama mengine yaliyojaa barabarani, na hakuna atakayeliuliza bei ya kwenda Raskazone. Shauku yako ya rangi ya bluu ni jambo jingine, la zamani na la kwako, ambalo lina haki ya kusikilizwa bila kubebeshwa mzigo wa kuponya fedheha. Mambo haya mawili yana gharama tofauti sana.

Ukianza na mstari, chunguza kwanza kama ni wa stika au ni wa rangi iliyopulizwa. Ukiwa wa stika, hupashwa moto taratibu kwa mashine ya kukaushia nywele, ukavutwa polepole kuanzia pembeni, na gundi inayobaki ikasafishwa kwa mafuta ya taa na kuoshwa kwa sabuni. Chini yake utakuta weupe uliong'aa kuliko sehemu nyingine, kwa kuwa jua halikuufikia, na usishtuke, maana tofauti hiyo hupungua gari zima likisuguliwa. Ukiwa wa rangi, fundi atalazimika kuuondoa kwa msasa laini sana wa namba 1500 au 2000 wenye maji, na hapo mkono mzito unaweza kuila rangi ya chini hadi praima, yaani rangi ya kwanza inayoshika bati, kwa hiyo mara nyingi milango ile hupigwa upya.

Ule unga wa paa nao una maana yake. Magari mengi meupe ya miaka ile yalipigwa rangi ya tabaka moja isiyofunikwa na klia, yaani tabaka la juu linaloonyesha na kung'arisha, na rangi ya namna hiyo ikipigwa jua la pwani kwa miaka mingi hupauka juu ikawa kama chaki huku chini ikiwa bado nzima. Fungua boneti utazame kibati kilichobanwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na upande wa dereva. Karibu na herufi C/TR utakuta namba ya rangi, na ikiwa ni 040, hiyo ni nyeupe ya kawaida ya Toyota, isiyo na chembe za metali wala lulu. Kisha chukua kitambaa cheusi chenye kampaundi kidogo, ile dawa nzito ya kusugulia rangi, usugue sehemu ndogo isiyoonekana sana. Kitambaa kikitoka na weupe na pale uliposugua pakang'aa, basi gari lako huenda linahitaji msasa laini, kampaundi, polishi na siku moja au mbili za fundi mvumilivu, kazi ambayo bei yake ni sehemu ndogo ya ile 450,000. Bampa inaweza kupigwa rangi peke yake. Njia hii ina mipaka: mahali palipobonyea patabaki pamebonyea, kutu haitaondoka, na polishi itahitaji kurudiwa, kwa kuwa jua la Tanga haliachi kazi yake. Tena njia hii haikupi bluu yako.

Sitaki uione bluu hiyo kuwa jambo dogo. Mtu aliyeitamani rangi fulani tangu chuoni, akasomesha watoto wa watu na kuweka hisa kila wiki, ana sababu ya kuitaka. Ila ujue unachonunua. Kubadili rangi ni kazi kubwa kuliko kurudishia rangi ile ile, kwa sababu weupe umejificha mahali pengi: kwenye fremu za milango, ndani ya buti, chini ya boneti, nyuma ya taa, chini ya raba za vioo. Fundi akipiga nje tu, kila mlango ukifunguliwa mbele ya wageni wa Moshi, weupe utaonekana, na kila jiwe litakaloruka kutoka barabarani litaacha doa jeupe. Bluu iliyokoza huonyesha pia kila bonde la bati ambalo weupe ulikuwa ukilificha, hivyo kazi ya kunyoosha na kujaza pati, ule udongo wa kusawazishia bati, huongezeka. Rangi ya kumetameta ina chembe za metali zinazohitaji mkono ulio sawa wakati wa kupuliza, la sivyo huacha mawingu na mistari, kisha ni lazima ifunikwe na klia. Gari la ukubwa wa Corolla hunywa kiasi cha lita tatu hadi nne za rangi iliyokwisha kuchanganywa na lita mbili hivi za klia, mbali na praima, pati, thina, msasa na karatasi za kufunikia. Piga hesabu ya vitu hivyo kwenye duka la rangi kabla hujarudi kwa fundi yeyote, ndipo utakapojua ndani ya 450,000 inabaki shilingi ngapi ya jasho lake. Ikiwa kinachobaki ni kidogo mno, kuna hatua atakayoiruka ili apate riziki yake.

Hatua zinazorukwa zinajulikana. Vitasa, taa na raba haviondolewi, bali huzungushiwa gazeti na selotepu, na baada ya miezi michache rangi huanza kubanduka hapo hapo pembeni. Kutu hupakwa pati juu badala ya kukwanguliwa hadi bati tupu, nayo huendelea kula chini kwa chini mpaka rangi ivimbe malengelenge. Bampa ya plastiki haipakwi praima yake maalumu, ikamenyuka. Kigumisho cha klia, ambacho mafundi hukiita hadina, hupunguzwa kwa kuwa ni ghali, na klia ikabaki laini na kupoteza mng'ao upesi. Siku tatu za kunyoosha, kujaza, kusugua, kupiga praima, kuiacha ikauke na kuisugua tena, kupuliza rangi na klia, kisha kung'arisha, ni chache mno kwa gari zima linalobadilishwa rangi. Sisemi haya kuwadharau mafundi wa mwembeni, kwani wapo wanaomwagia maji uwanja kutuliza vumbi na kutoa kazi nzuri kuliko gereji zenye mageti. Namna ya kumjua fundi ni kumwomba akuonyeshe gari alilolipiga mwaka mmoja au miwili iliyopita, si lile la jana linalong'aa mbele ya kibanda chake. Fungua milango ya gari hilo na upitishe kidole kwenye raba.

Kuhusu shemeji yako, moyo wake ni mwema na kompresa yake inafanya kazi, lakini vanishi ya meza hailali kama rangi ya gari. Ukimnunulia rangi yenye kigumisho, ukungu wake una kemikali zinazodhuru mapafu na zinazoweza kumletea mtu pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Uani kwenu pana watoto, na huenda pana majirani wanaopika. Ukimnunulia rangi ya aina nyingine yenye thina kali, inaweza kuikunja ya zamani iliyo chini yake. Hata mambo ya hewa na rangi yakiwekwa kando, fikiria utamwambia nini mdogo wa mume wako ikiwa kazi itaharibika, na mume wako atasimama upande gani. Akitaka kusaidia, zipo saa nyingi za kusugua msasa wa maji ambazo hazihitaji kompresa.

Utasikia pia habari za kulivisha gari stika nzima. Stika hiyo hushika vizuri kwenye rangi iliyo nzima, na juu ya rangi yenye unga haina pa kushika, kwa hiyo kwa gari lako haikuondolei kazi ya kwanza.

Kuna upande wa karatasi pia. Rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi ya usajili, hivyo ukiibadilisha inabidi TRA, mamlaka ya mapato, waarifiwe ili kadi irekebishwe, na kampuni ya bima nayo ijulishwe. Gari la bluu lenye kadi ya gari jeupe litakusumbua kwa askari wa barabarani na litamtia shaka mnunuzi siku mtakapotaka kuliuza. Uliza gharama yake mapema uiingize kwenye bajeti. Ukibaki na weupe, hilo halikuhusu. Lakini vyovyote mtakavyoamua, kama gari bado limesajiliwa kwa matumizi ya biashara au lina leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ambayo haijafungwa, mume wako ndiye anayejua ilivyo, na kulihamishia matumizi binafsi ni kazi inayofaa kufanywa kabla mstari haujaguswa. Labda huo ndio mlango wa mazungumzo yenu, maana hapo utakuwa ukimuuliza jambo ambalo yeye analijua kuliko wewe.

Nikirudi kwake, unauliza kama atazoea akiliona limependeza. Wapo wanaume wanaozoea. Wapo pia wanaokaa kimya, na kila wanapoliwasha gari wanakumbuka kwamba liligeuzwa bila wao. Wewe unamjua, mimi simjui. Ila naona mambo matatu katika kukataa kwake, na sidhani yote yana nguvu sawa. Lipo la fedha ya Pongwe, ambalo ni hoja halali inayoweza kuhesabiwa kwenye karatasi: 700,000 itanunua mifuko mingapi ya saruji, na msingi huo utaendelea lini hata ukiwa na mifuko hiyo. Lipo la kusikia kwa watu wengine. Na lipo la heshima ya kazi yake, ambalo huenda likapungua makali iwapo atasikia kutoka kinywani mwako kwamba unajua stashahada yako ilitoka wapi. Ukiyasema hayo kwa ajili ya kupata ruhusa ya bluu, atahisi. Kwa hiyo pengine yasemwe siku ambayo rangi haitajwi kabisa.

Fedha ni yako kwa maana ya kwamba uliiweka wewe, na sitakunyang'anya haki hiyo. Gari nalo ni lake kwa maana hiyo hiyo. Mkianza kupima nani anamiliki nini, sijui mizani hiyo itaishia wapi katika nyumba iliyojengwa na wote wawili. Huenda yeye, akishirikishwa, akawa na mchango ambao wewe huwezi kuununua. Dereva wa miaka kumi anaweza kufungua mwenyewe taa, vitasa, bampa na raba na kuvirudisha, akakaa na fundi wakati wa kuchanganya hadina, akapata bei ambayo wewe mgeni hukuipata kwenye ile gereji. Kazi inaweza pia kugawanywa, kutu na mabonde yakashughulikiwa mwaka huu kwa fedha iliyopo na rangi ikangoja kikoba kijacho. Hatari ya njia hiyo ni kwamba gari lililopakwa praima na kuachwa hupitisha unyevu, kwa hiyo sehemu zilizotengenezwa zipigwe nyeupe kwa muda.

Kuhusu binti yako, sina hakika kwamba rangi yoyote itamjibu. Mtoto wa miaka 12 huona haya kwa mambo mengi, na gari la bluu linaweza kumfurahisha. Lakini nashawishika kukuuliza kama amewahi kusimuliwa jinsi baba yake alivyokuwa akitoka alfajiri kuwahi abiria wa mabasi, na kama amewahi kukusikia wewe ukilizungumzia gari lile mbele yake kwa sauti gani. Mstari unaweza kuondolewa na bado mazungumzo hayo yakahitajika.

Harusi ni Desemba, na mvua za vuli huko pwani huanza Oktoba. Rangi ikipulizwa penye unyevu mwingi huweza kutoka na utusitusi mweupe, na hata ikitoka salama, klia mpya huhitaji wiki kadhaa kabla ya kustahimili sabuni kali na polishi. Ukitaka gari zima lipigwe kabla ya wageni kufika, muda wenu wa kukubaliana ni hadi katikati ya Septemba. Kusugua na kung'arisha weupe uliopo hakuhitaji muda huo, kunaweza kufanyika hata Novemba katika siku mbili za jua. Ikiwa mtakuwa hamjaelewana, kukodi gari la kuwabebea wazee kwa siku ya harusi kutagharimu kidogo kuliko rangi iliyopigwa kwa haraka chini ya manyunyu, na bluu yenu inaweza kujadiliwa tena Januari, wakati wa kaskazi, ambapo mvua hupungua na mafundi hawana foleni ya harusi.